Msiba Usio na Watu

Ukitaka kumkosea mwanamke wa mtaa wetu wa Bombambili kosa ambalo hatalisahau, usimtukane wala usimnyime chumvi. Mfukuze msibani. Mchungaji Calvin hakulijua hilo. Alikuwa amekaa Songea miaka miwili, anaongea Kiswahili safi cha darasani alichojifunza Morogoro, anajua bei ya mahindi na majina ya watoto wote wa mtaani. Lakini hilo hakuna aliyemfundisha, maana nani angefikiria kwamba mtu mzima na akili zake anahitaji kufundishwa namna ya kufiwa?

Mtoto wake Ida alifia hospitali Jumatano alfajiri, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Malaria ilimpanda kichwani. Calvin akaendesha gari mwenyewe kurudi nyumbani, na mkewe Jane amekaa nyuma, mtoto mapajani, kafunikwa shuka. Garini hakuna aliyelia. Fausta, dada wa kazi aliyetoka Mbinga, alikuwa anadeki kibaraza. Alipoona jinsi mama alivyokuwa akishuka na mtoto, alielewa, akaiachia ndoo ikamwagika, akapiga yowe.

Yowe lile lilitosha. Bombambili hatupeani kadi za msiba.

Wa kwanza kufika alikuwa Walburga, jirani wa upande wa pili wa barabara, mjane anayeuza dagaa wa Nyasa pale sokoni na kiongozi wa kina mama wa jumuiya ya Kikatoliki. Alikuja na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake wakaja wenye unga, wenye maharage, wenye sufuria kubwa la jumuiya, wenye mikeka. Wengi wao hawakuwahi kuingia ndani ya geti lile. Calvin na Jane walitoka Kanada, wametumwa na kanisa lao, kanisa dogo jipya, miaka ile ya soko huria ambapo kila kitu kilikuwa kinaingia Songea: mitumba, redio za kaseti, sabuni za kunukia na makanisa. Walitujengea pampu ya maji nje ya geti lao. Maji tuliyakubali. Kanisa tuliliacha palepale, tukaendelea na misa zetu. Kila Alhamisi Jane alikuwa akiwaalika wanawake uani kwake wajifunze cherehani na Neno la Mungu, wakaja watatu, wiki nyingine mmoja. Calvin alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Karibuni nyumbani kwetu, nyumba ni yenu." Tulimjibu "Asante, mchungaji," tukabaki majumbani kwetu.

Sasa walikuja, na walikuja wote.

Calvin alitoka chumbani akakuta kochi lake liko uani, juani, na meza ya chakula imeegemezwa kwenye mti wa mpera. Sebuleni wanawake walikuwa wamejaa chini kwenye mikeka, wamenyoosha miguu, wamejifunga khanga viunoni. Uani kina Fausta walikuwa wameshapanga mafiga. Upande wa geti wanaume walikuwa wanatafuta matofali ya kukalia.

"Kochi linakwenda wapi?" aliuliza.

"Haliendi popote, Baba Ida," Walburga akamjibu. "Watu watakaa wapi sasa? Pole, mwanangu. Pole sana. Wewe nenda nje ukakae na wanaume wenzako, haya ya ndani tuachie sisi."

"Mtakaa mpaka saa ngapi?"

Wanawake walitazamana. Swali kama hilo halikuwahi kuulizwa msibani tangu mji huu uitwe Songea.

"Mpaka tuzike," alisema Walburga. "Na tukishazika tutalala hapa mpaka tuanue matanga."

"Mtalala hapa? Ndani?"

"Tukalale wapi, na Mama Ida alale peke yake?"

Wakaanza rozari. Sauti zilijaa nyumba nzima, zikapita ukutani mpaka chumbani alikokaa Jane na mtoto kitandani. Calvin alisimama mlangoni akisikiliza Salamu Maria ikisaliwa sebuleni kwake, mbele ya ukuta ule ule aliotundikia ramani ya kazi ya Injili mkoani Ruvuma. Tusimsingizie: hakuwa na roho mbaya. Hakuwa amelala usiku mbili, na mtoto wake wa pekee alikuwa amekufa. Kwao mtu akifiwa majirani wanaacha chakula mlangoni na kuondoka kwa kunyata, na hiyo ndiyo heshima. Alitaka mkewe apate kimya. Lakini rozari nayo ilimkera, na hilo hakulisema kwa mtu.

"Mama zangu," alisema, na wakanyamaza. "Asanteni sana kwa upendo wenu. Mke wangu amechoka. Naomba mrudi nyumbani. Kesho, kuanzia saa nne, mnaweza kuja kumsalimia."

"Amechanganyikiwa," mmoja alinong'ona. "Uchungu huo. Mwacheni."

"Sijachanganyikiwa. Naomba, tafadhali. Mrudi nyumbani."

Walburga aliinuka wa kwanza. Magoti yalimsumbua, akajishika ukutani. Alikaza khanga yake kiunoni, akaokota kandambili zake pale mlangoni, akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Kuni waliziacha. Unga waliuacha. Wanaume walirudisha matofali walipoyatoa, maana na wao walikuwa na adabu zao. Daimu, mlinzi wa pale, Myao wa Nalasi, Tunduru, na Mwislamu wa swala tano, ndiye aliyepewa kazi ya kufunga geti na kuwaambia waliochelewa. Alisimama pale mchana kutwa akiwaambia wamama wenye mabeseni vichwani, "Mnisamehe, mama zangu. Si mimi. Nimeambiwa." Wapo waliomsonya. Yupo aliyemuuliza kama kwao Tunduru wanafukuzana hivyohivyo, akainamisha kichwa.

Miaka miwili Calvin alikuwa akiomba ile nyumba ijae watu. Jioni ile yeye na Daimu walibeba kochi wakalirudisha ndani, wakaliweka mahali pake, wakanyoosha na vitambaa.

Makaburi yetu yako kule kwenye kichaka cha mikaratusi. Alhamisi, saa tisa alasiri, ndiyo aliyopanga Calvin kumzika mtoto. Kwa hiyo Jumatano hiyo hiyo, jua likiwa linashuka, alikwenda kwa mzee Kassian, mwenyekiti wa mtaa, ambaye ni fundi baiskeli na alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anakaza spoki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na msiba, mchungaji."

"Asante. Nimekuja kuomba vijana wa kuchimba kaburi. Nitawalipa vizuri."

"Kaburi hapa halilipwi."

"Basi wanachimba bure?"

"Bure napo siyo."

"Sielewi, mzee."

Kassian aliweka spana chini. "Sikiliza. Mtu akifiwa, watu wanajaa kwake. Katika hao waliojaa, vijana wanatoka na majembe wanakwenda kuchimba. Wakirudi wananawa palepale, wanakula palepale, halafu tunazika. Basi. Sasa kwako wamejaa akina nani?"

"Hakuna mtu."

"Ee. Ndiyo hivyo."

"Lakini wewe ni mwenyekiti. Ukiwaambia watakwenda."

"Niwaambie nini? Wakachimbe kaburi la msiba ambao mama zao wametolewa? Wakirudi na udongo miguuni wanawe wapi, getini?"

Calvin alitoa pochi. Hakuona njia nyingine, na labda alidhani mzee anataka kubembelezwa. Akachomoa noti akazishika mkononi. Kassian aligeuza uso akaangalia pembeni, kama mtu aliyemfumania mwenzake anaoga.

"Irudishe, mchungaji," alisema polepole. "Irudishe, watu wanaona."

"Nifanye nini, basi?"

Hapo Kassian alimtazama usoni na kungoja. Neno lilikuwa moja tu, na hata mtoto wa darasa la kwanza mtaani kwetu angelisema: njooni. Mchungaji angelisema tu, saa ile ile majembe yangetoka kila nyumba na mambo ya asubuhi yangesahaulika. Calvin alifikiria mikeka ile, na rozari, na watu wakilala sebuleni usiku tatu, na Jane nyuma ya ukuta.

"Nitachimba mwenyewe," alisema.

"Haya," alisema Kassian, akaokota spana yake. Siku ile hakukaza spoki nyingine. Alibaki ameishika tu, kwa sababu alijua amemwacha mtu mzima aende akamchimbie mwanawe kaburi, na hakuona pa kupita.

Asubuhi Calvin na Daimu walikwenda makaburini na jembe, sululu na koleo la bustani. Daimu hakuambiwa aende. "Mimi ni mtu wa nyumba hii," alisema, "sihitaji kukaribishwa." Udongo wa juu uliwatii. Chini yake wakakuta changarawe nyekundu, ngumu, kila ukipiga sululu inaruka na kurudi. Calvin hakujua kushika sululu. Aliikaba kwa nguvu, na jua lilipopanda viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, akafunga leso.

"Bwana, pumzika," alisema Daimu.

"Bado."

"Kwetu sisi angekuwa ameshazikwa jana, kabla ya magharibi. Watu wangechimba mara moja." Akaona amesema vibaya. "Mungu amrehemu. Yule ni malaika, hana hesabu."

Calvin hakuwa anafikiria kitu. Alipiga sululu, akaangalia ilipotua, akapiga tena. Shimo lilikuwa limefika magotini.

Nyumbani, Jane alikuwa bado amekaa kando ya kitanda na nguo zile zile za hospitali. Hakuwa amesema neno tangu Jumatano alfajiri, na Calvin alichukulia kimya hicho kuwa ndicho anachotaka. Fausta aliingia na kikombe cha uji.

"Mama, unywe japo kidogo."

"Fausta," alisema Jane, na sauti ilitoka imekauka. "Kwa nini waliacha?"

"Waliacha nini, mama?"

"Kuimba. Kusali. Walikuwa wanaimba, halafu wakaacha."

Fausta aliweka kikombe chini. "Waliambiwa waondoke."

"Na nani?"

"Na baba."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema wewe umechoka."

Jana, sauti zile zilipokuwa zinapita ukutani, Jane hakuelewa maneno yote na hakuyahitaji. Alikuwa akipumua zinapopumua, basi. Zilipokatika ghafla alidhani imekwisha, kwamba huku watu wanamlilia mtoto kwa muda huo tu halafu wanarudi sokoni na mashambani, na hapo ndipo mwili mzima ulipokufa ganzi. Hakuwa na hasira. Alitamani kuwa nayo, hakuipata.

"Mimi sikusema nimechoka," alisema.

Alisimama. Alichukua khanga kabatini, akamfunga Ida ndani yake vizuri, kichwa na miguu, akambeba begani jinsi alivyokuwa akimbeba akilala. Fausta alimwita, "Mama, mama, unakwenda wapi?" akamfuata mbio. Jane alifungua geti mwenyewe, akavuka barabara peku. Pale pampuni wanawake waliacha kupampu. Kwetu hakuna aliyewahi kuona mama mfiwa akitembea barabarani na maiti ya mwanawe akitafuta msiba. Mmoja aliketi chini palepale kwenye matope.

Walburga alikuwa uani kwake, anachambua dagaa kwenye ungo. Aliinua uso akamwona, na jambo la kwanza lililomjia, tuseme ukweli, lilikuwa hasira ya jana.

"Mlituambia tuje saa nne," alisema. "Imefika?"

"Sijui saa," alisema Jane.

"Mlitutoa kama kuku."

"Sikuwatoa mimi. Mama Walburga, sijui cha kufanya naye. Sijui mnafanyaje. Nimekaa naye tu."

Walburga aliangalia khanga ile, na mguu mdogo uliochungulia chini yake. Aliusukuma ungo pembeni, dagaa wakamwagika.

"Ameoshwa?"

"Hapana."

"Mama yangu wee," alisema Walburga. Alifuta mikono kwenye khanga, akainyoosha. "Mlete. Mlete hapa, mwanangu. Sisi tutasali rozari, nakwambia mapema. Namna ya kwenu hatuijui."

"Salini."

Walburga alimpokea mtoto mikononi, akasimama katikati ya uwanja wake, akapiga yowe refu ambalo lilisikika hadi ng'ambo ya bonde. Watu wa pampuni waliitikia. Halafu wa nyumba za nyuma. Kabla dagaa hawajaokotwa, kitanda cha Walburga, benchi na kabati la vyombo vilikuwa nje, mikeka imetandikwa, na Kassian alikuwa nje barabarani akiwatuma vijana: wewe jembe, wewe sululu, wewe nenda kwa fundi seremala, mwambie kisanduku kidogo, leo leo. Kuni za jana zilibaki kwa mchungaji, zililetwa nyingine. Chumbani, Walburga na wenzake wawili walitia maji ya vuguvugu kwenye beseni. Walimwita Jane karibu, wakampa kitambaa. "Wewe osha miguu," walimwambia. Akaosha miguu. Walimwonyesha jinsi ya kupitisha kitambaa katikati ya vidole, na akafanya hivyo, kidole kwa kidole.

Saa saba mchana Calvin alirudi. Alikuja kumwambia Jane kwamba kaburi halitakuwa tayari, kwamba wazike kesho, kwamba amejaribu. Maneno hayo alikuwa ameyapanga njia nzima. Vijana walikwenda makaburini kwa njia ya bondeni, wakapishana. Alikuta geti wazi, mlango wazi, kitanda kitupu na kikombe cha uji sakafuni. Aliita jina la mkewe. Aliingia kila chumba, hata stoo. Ndipo aliposikia wimbo ng'ambo ya barabara.

Kwa Walburga watu walijaa mpaka kwenye michongoma. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi na matofali, kimya, kofia magotini. Karibu na mlango alikaa mzee Fransisko, ambaye macho yake yalishafungwa na mtoto wa jicho, na ambaye kwa umri wake hupewa kiti cha kupokelea watu. Alisikia hatua zikisita mbele yake, akanyoosha mikono miwili. Calvin akampa wake. Mzee alikipapasa kile kiganja, leso, malengelenge, udongo uliokauka.

"Umetoka kuchimba," alisema.

"Ndiyo."

"Ahsante sana, mwanangu. Ahsante, umefanya kazi ya watu. Pole sana. Nenda nyuma ukanawe, wakupe chakula. Wafiwa wako ndani."

Calvin alifungua mdomo. Wanaume wa karibu walikuwa wanamwangalia, na hakuna aliyecheka wala aliyemsahihisha mzee. Alitaka kusema mfiwa ni mimi. Ilikuwa sentensi nyepesi, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza kule Morogoro angeiweza. Akafunga mdomo, akaenda nyuma, kijana mmoja akammiminia maji kwa kata, akanawa.

Kassian alimsogezea nafasi kwenye benchi. Akapewa sahani ya ugali na maharage, na aliona njaa, akaona aibu kwamba anaona njaa, akala. Alikuwa hajala tangu Jumanne.

"Vijana wako kaburini," Kassian alimwambia. "Daimu yuko nao. Saa tisa tutazika."

"Asante."

"Si kitu."

"Nataka kuingia kwa mke wangu."

"Ndani ni kina mama. Atatoka saa ya kuzika, utamwona."

"Ni mtoto wangu, mzee Kassian."

"Tunajua. Ndiyo maana tuko hapa."

Wimbo ulikatika ndani, watu wakivuta pumzi, na katikati ya kimya hicho mwanamke mmoja akalia kwa sauti. Haikuwa sauti ya kwetu. Ilikuwa nene, haikujua kupanda wala kushuka, ilitoka tu. Calvin aliitambua. Tangu hospitali hakuwa ameisikia, na miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuisikia hivyo. Sahani ilimtoka mkononi, akasimama aende mlangoni.

Kassian alimshika mkono, akamkalisha chini taratibu.

"Mwache, mchungaji," alisema. "Ana watu."